Mdhamini Aliyenijua Mno

Sehemu ya Saba

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua nilipoishia. Nimesimama kwenye chumba cha cherehani cha hospitali, shuka lililochanika mkononi, simu sikioni, na afisa wa uraia ananiambia, "Mama, mdhamini wako anasema hakujui."

Kwa aliyeliokota gazeti leo, nitamfupishia. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mashuka yaliyopasuka, mapazia ya wodi, na makoti ya madaktari yaliyokatika vifungo. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na saba. Mwaka jana uongozi mpya ulibandika tangazo ukutani: asiye raia na asiyeomba uraia, mwisho wake wa kazi ni mwezi huu. Nikaomba uraia.

Picha zangu zilikataliwa mara mbili kwa sababu sikio la kushoto halikuonekana. Kisha mdhamini wangu wa kwanza, jirani yangu mwenye duka, akajitoa. Fomu ilimtaka aseme "ninamfahamu vizuri mwombaji." Mkewe akaisoma, akamuuliza, "Vizuri vipi?" Ndoa ya watu ikataka kuvunjika kwa neno moja la serikali.

Nikamwomba Daktari wa wodi ya wanaume ashike nafasi yake, akakubali bila maswali. Na sasa Daktari huyo huyo hanijui.

"Afisa, labda umekosea namba," nilisema.

"Namba ni yake, mama. Amejitambulisha mwenyewe. Nimemtajia majina yako yote matatu. Amesema hajawahi kukutana na mtu huyo."

"Lakini amesaini mbele ya macho yangu!"

"Ndiyo maana nakupigia. Alhamisi saa tatu asubuhi, uje na wadhamini wako wote wawili. Nitawahoji hapa hapa ofisini. Akikosekana hata mmoja, faili nalifunga."

"Ukilifunga, naomba upya?"

"Baada ya miaka miwili."

Aliyasema hayo kwa upole. Yule afisa ana adabu, nasema haki ya Mungu. Afadhali angefoka. Mtu anayefoka unapata pa kumjibu.

Niliacha sindano ndani ya shuka nikakimbia wodi ya wanaume. Nilimkuta Daktari koridoni anasoma kadi ya mgonjwa.

"Daktari, umeniua!"

"Mama Vifungo! Kuna nini tena?"

"Watu wa uraia hawakukupigia simu?"

"Walinipigia asubuhi. Wakaniuliza habari za mwanamke mmoja mwenye jina refu, simjui hata kwa sura. Nikashangaa, maana mimi maishani nimemdhamini mtu mmoja tu, wewe. Nikajua ni matapeli, nikakata simu."

"Daktari, huyo mwanamke mwenye jina refu ni mimi."

Alinitazama. Akacheka. Kisha akaona sicheki, akaishusha ile kadi.

Miaka kumi na moja nimemshonea makoti. Miaka yote hiyo ananiita Mama Vifungo, na mimi naitika. Manesi wananiita hivyo, wafagizi hivyo, hata kwenye daftari la zamu niko hivyo. Siku ile nilipompelekea fomu alikuwa anakimbilia upasuaji, akasaini ukurasa wa mwisho bila kusoma wa kwanza.

"Niandikie hapa," akasema, akanyoosha kiganja.

Nikaandika majina yangu matatu kwenye kiganja cha Daktari kwa kalamu yake mwenyewe. Akayasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Una jina zuri," akasema. "Alhamisi nitakuja. Na samahani sana, mama."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kurudi kwenye cherehani yake. Mimi nilirudi nikihesabu siku zilizobaki. Aliyekuwa akinitisha ni mdhamini wa pili.

Hapa sina budi kuvua nguo mbele yenu. Sehemu sita nimewaandikia na kuna jambo nimekuwa nikilizunguka kama kuku anayezunguka yai bovu.

Niliwaambia niliingia nchi hii miaka kumi na tisa iliyopita, kwa lango, nikagongewa muhuri. Muhuri upo, na tarehe ni ya kweli. Lakini ile haikuwa mara yangu ya kwanza kuingia.

Mara ya kwanza niliingia miaka miwili kabla yake, kwa miguu, kwa njia za porini, na binti yangu wa mwaka mmoja mgongoni. Nilimkimbia mume aliyenivunja mkono. Sikuwa na karatasi hata ya kufungia chumvi. Niliishi nimejificha miaka miwili. Ndipo mtu akanishauri nirudi mpakani, nivuke kwenda nilikotoka, nichukue hati ya kusafiria, nigeuke, niingie upya kama mgeni mwenye adabu. Nikafanya hivyo. Mbele ya sheria nilizaliwa siku hiyo.

Kwenye fomu ya uraia kuna swali: uliingia nchini kwa mara ya kwanza lini? Nikaandika tarehe ya muhuri. Chini yake pameandikwa kwamba anayetoa maelezo ya uongo atashtakiwa. Nikasaini.

Sasa, miaka miwili ile ya kujificha nilijificha wapi? Kwa Mwalimu.

Ndiye mdhamini wangu wa pili. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, miaka yake sabini na nane. Niligonga mlango wake kuomba maji ya mtoto, nikabaki kwenye chumba chake cha uani. Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza kama nimekula. Aliniazima cherehani ya marehemu dada yake, nikaanza kushona sare za shule. Kila nilicho nacho kimeanzia kwenye chumba kile.

Mpaka siku ya simu ile alikuwa hajui kwamba niliingia bila kibali. Nilipoondoka wiki ile kwenda mpakani nilimwambia naenda kuzika.

Fomu ya mdhamini ina swali moja fupi: umemfahamu mwombaji kwa miaka mingapi? Macho ya Mwalimu hayaoni tena maandishi madogo. Nilimpelekea fomu mimi na binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala. Binti ndiye aliyekuwa anaandika. Alipofika kwenye swali lile aliniangalia. Nikamwonyesha kwa vidole: kumi na tisa.

Mwalimu alikuwa akitafuta kalamu yake nzuri kabatini. Aliporudi alisema, "Nisaini wapi, mwanangu?" Binti akamwekea kidole chake kwenye mstari. Akasaini polepole, kwa mwandiko wa kwenye ubao.

Tulipotoka nje binti alitangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Jioni ya siku ile ya simu nilimweleza binti kwamba Mwalimu ataitwa.

"Mama, mwambie."

"Nimwambieje? Nimwambie nilikudanganya, kisha nikakusainisha uongo, na sasa naomba ukauseme kwa mdomo wako?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Yule mama hajawahi kusema uongo. Aliwahi kurudisha mshahara kwa sababu walimzidishia."

"Basi si ndiyo sababu umwambie? Ukimwacha aende vile, atasema ukweli!"

"Labda hawatauliza."

"Mama. Mficha uchi hazai."

"Usinifundishe methali, nimekuzaa."

Akaenda kuosha vyombo. Nikajua amenishinda.

Jumatano nilitoka kazini mapema nikaenda kwa Mwalimu, ambaye binti alikuwa ameshampigia simu kumpa siku na saa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na samahani. Hapana, nitaanza na shukrani. Hapana, nitapiga magoti kwanza, maneno yatakuja yenyewe.

Nilimkuta anapiga pasi gauni la bluu ambalo huvaa kanisani. Juu ya meza alikuwa amepanga mkoba, miwani, kitambulisho, na leso mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikagua? Nimejiandaa kama mtoto wa mtihani. Kaa."

Nikakaa.

"Unajua," akasema, pasi ikienda na kurudi, "miaka yangu yote ya ualimu nikiitwa ofisi, naitwa kusema nani kafanya kosa gani. Hii ni mara ya kwanza naitwa kumsema mtu kwa wema. Nimefurahi mpaka usingizi umekataa."

"Mwalimu, kuna jambo..."

"Usiogope. Nitawaambia ukweli wote."

"Siyo lazima wote, Mwalimu."

Pasi ikasimama. Akanigeukia, anatabasamu, macho yake yale yenye ukungu yakinitafuta usoni.

"Kwani kuna wa kubakiza?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia. Gauni lilikuwa linatoa mvuke, na yule mama alikuwa ananisubiri kwa uso wa mtu asiyetegemea baya lolote kutoka kwangu.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

"Basi nishikie huu mkono wa gauni niunyooshe."

Nikaushika.

Alhamisi saa tatu tulikuwa sote kwenye benchi la ofisi ya uraia, ghorofa ya kwanza, nje ya mlango wenye kioo. Mimi, binti, Mwalimu na gauni lake la bluu, na Daktari aliyechomoka zamuni na koti lake bado mwilini.

Daktari aliitwa kwanza. Mlango ulibaki wazi nusu, nikasikia kila neno.

"Daktari, mwombaji anaitwa nani?"

Nikaona Daktari anachungulia kiganja chake. Mtu anayenawa mikono mara arobaini kwa siku! Palikuwa peupe. Daktari akafumba macho, akataja jina la kwanza, akataja la tatu, akarudi kwenye la pili.

"Siku ile kwenye simu ulisema humjui."

"Sisi tunamwita Mama Vifungo. Kosa ni letu."

"Anaishi wapi?"

"Nadhani upande ule wa sokoni."

Siishi upande wa sokoni. Sijawahi kuishi upande wa sokoni. Afisa akaandika.

"Tabia yake?"

"Safi kabisa. Hajawahi kunichelewesha koti."

"Kuna lolote unalolijua linaloweza kumzuia kuwa raia?"

"Hakuna," akasema Daktari kwa uhakika wa mtu asiyejua chochote.

Dakika tano, akatoka. Afisa alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Daktari akanipiga bega, akakimbilia wagonjwa wake.

Nikaanza kuota. Kama aliyekosea hata nyumba yangu amepita, huyu anayejua mpaka usingizi wangu atashindwaje?

"Mwalimu," afisa akaita. Alipoona anavyopapasa ukuta, akaniambia, "Mwombaji, mshike mkono, uingie naye. Lakini utakaa kimya. Neno moja tu, nakutoa."

Tukaingia. Chumba kidogo, meza, makabati ya chuma yaliyojaa mafaili, dirisha la kioo linalotazama koridoni. Mwalimu alikaa wima, mkoba mapajani.

"Mama, umemfahamuje huyu?"

Macho yake yakang'aa. Alikuwa amelisubiri swali hilo wiki nzima.

"Aligonga mlango wangu mchana wa jua kali. Mtoto mgongoni, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa na kijiti. Aliomba maji ya mtoto tu. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema yeye hana kiu. Midomo imepasuka! Nikasema huyu ana heshima kuliko wote niliowafundisha."

Afisa alitabasamu. Niliona kwa macho yangu. Alikuwa upande wetu.

"Ilikuwa mwaka gani, mama?"

Nilikanyaga sakafu kwa nguvu zote, kana kwamba ningeweza kuusimamisha mdomo wake kwa mguu wangu.

"Mwaka niliostaafu. Nilistaafu mwezi wa nne, yeye alikuja mwezi wa sita. Miaka ishirini na moja."

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Ishirini na moja, au kumi na tisa?"

"Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne."

"Sikukosoi, mama. Nataka uhakika."

"Uhakika?" Akafungua mkoba. "Hata nilisema moyoni, hawa watu wa ofisi wanapenda ushahidi. Nimekuletea."

Sikujua ana nini mle. Wallahi sikujua. Akatoa picha ndogo iliyokunjika pembeni, akaiweka mezani na kuisukuma kwa vidole viwili.

Nilikuwa mimi. Kijana, mwembamba, mkono kwenye bandeji, nimekaa kwenye ngazi ya uani kwake. Mbele yangu binti amesimama, mikono hewani, anajaribu hatua zake za kwanza.

Afisa akaigeuza. Nyuma pameandikwa kwa mwandiko wa kwenye ubao: *Leo katembea.* Na tarehe. Siku, mwezi, mwaka.

Mwalimu alikuwa anatabasamu. Aligeuka kunitafuta, anataka aone nilivyofurahi.

Afisa aliirudisha picha mezani. Alifungua faili langu, akatoa fomu yangu, akaiweka karibu na picha. Akatoa fomu ya Mwalimu, akaiweka karibu na fomu yangu. Vitu vitatu, vimepangana.

"Mama," akasema, na upole wake ulikuwa bado upo, ndio ulionimaliza. "Hapa umesaini kwamba unamfahamu miaka kumi na tisa."

"Siyo kweli."

"Saini ni ya nani?"

Mwalimu alivaa miwani yake. Akaomba fomu, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Akaisoma yote, kidole kikifuata mstari kwa mstari, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Chumba kizima kilimsubiri. Kidole kikafika kwenye swali lile. Kikasimama. Kikashuka mpaka chini, kwenye onyo lile lile la kushtakiwa. Kikasimama tena.

"Saini ni yangu," akasema.

"Na maandishi?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Mwanangu, nikuulize. Karatasi kama hii ikiwa na uongo, anayeshtakiwa ni nani? Aliyeandika au aliyesaini?"

"Aliyesaini, mama."

"Hata kama hakusoma?"

"Sheria haiulizi kama alisoma."

Ndipo akanigeukia. Nilitafuta hasira usoni mwake, ningejua la kufanya nayo. Haikuwepo. Alinitazama kama mwalimu aliyefungua daftari la mtoto wake bora akakuta jibu la kunakili. Alitaka nimwambie kwamba amekosea.

Nilifungua mdomo, nikasema. Nataka mjue kwamba nilisema.

"Afisa, yeye hana kosa. Ni mimi..."

"Mama, nilikuambia usiseme neno."

"Ni mimi niliye..."

"Toka nje."

"Naomba niseme tu hili moja!"

"Utasema ukiitwa. Sasa hivi namhoji yeye. Kila utakachosema hapa mbele yake kinamharibia yeye, siyo wewe. Umenielewa? Toka."

Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa ameshageukia meza.

Nikatoka. Binti aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mama, vipi? Ameuliza?"

Nikamwonyesha dirisha.

Kupitia kioo tuliona midomo yao bila kusikia sauti. Afisa anauliza, Mwalimu anatikisa kichwa. Afisa anauliza tena, anaonyesha mlangoni, yaani mimi. Mwalimu anaukumbatia mkoba wake. Afisa akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa karatasi nyeupe yenye mistari, akamwekea mbele yake na kalamu juu yake.

"Anamwandikisha nini?" binti akauliza. "Mama, anamwandikisha nini?"

"Sijui."

"Anakushtaki wewe, au anajishtaki mwenyewe?"

"Mwanangu, sijui."

Mwalimu aliinama, pua karibu na karatasi. Akaandika mstari mmoja. Akatua, akafikiri. Akaandika wa pili, wa tatu. Akaenda mpaka katikati ya ukurasa bila kuinua kichwa. Mwanamke anayechoka kuandika orodha ya sabuni na chumvi!

Nikagonga kioo. Sikujua nataka kumwambia nini. Niligonga kwa kiganja, mara mbili.

Hakugeuka. Aligeuka afisa. Akaja mpaka dirishani, akasimama mbele yangu, kati yetu kioo tu. Nikadhani ananiita.

Akavuta pazia.